Kompyuta ya Chumba cha Walimu

Kabla ya kwenda jikoni kuchemsha kahawa, Desanka aliifunga kompyuta ya chumba cha walimu kwa nenosiri lake. Vicheko vya walimu wenzake vikakatika. Katika shule ile ya mji wa Užice, hakuna aliyewahi kuifunga mbele ya wengine.

"Kwani humu kuna wezi?" aliuliza naibu mkuu wa shule.

"Jumanne iliyopita, saa nne na dakika kumi na mbili, mtu alibadilisha alama ya mwanafunzi wangu, moja ya kufeli ikawa nne ya kufaulu, kwa jina langu. Mimi nilikuwa jikoni. Na wanafunzi hawaingii humu."

"Au ulikula hongo ukasahau, bibie?" alisema mwalimu wa michezo. Wengine wakaangua kicheko.

"Miaka ishirini tunakunywa kahawa ya birika moja," naibu alifoka, "leo unatufungia mlango usoni! Huna haya?"

Mkaguzi wa shule angefika Jumatatu. Kwa kumbukumbu za kompyuta, mwenye kosa alikuwa Desanka, na adhabu ilikuwa kufukuzwa kazi.

Desanka akaenda jikoni, akaitazama kahawa ikiumuka mpaka ukingoni mwa birika la shaba, povu lake jeusi likitetemeka. Kengele ikalia. Akawasikia wakitoka kwenda madarasani, wakimsengenya kwa sauti.

Aliporudi na kikombe, naibu alikuwa peke yake, ameketi mbele ya kompyuta, vidole vikiwa juu ya kibodi. Maandishi mekundu yalisema nenosiri si sahihi, limebaki jaribio moja.

"Malizia, bwana naibu," Desanka alisema, akafungua mlango wa ukumbini wazi kabisa, ili waliokuwa bado wakielekea madarasani wamwone.