Siku Kocha Alipokimbia Mwenyewe

Mama Paa alikuwa akipukuchua mahindi ya zawadi ya shule, jirani yake Kwale akaingia akihema.

"Shoga, mwanao kang'atwa tena mguuni. Si mwiba kama tunavyoambiwa! Ni kocha Mbweha, nimemwona kwa macho yangu."

Mama Paa alikwenda moja kwa moja kwa Kiboko, mwalimu mkuu.

"Kocha wako anawang'ata watoto ili wakimbie."

"Taratibu, mama," alisema Kiboko, mdomo umejaa. "Ushindi ni wa kocha, na Tembo, mfadhili wetu, hutupatia magunia ya mahindi kila tunaposhinda mbio. Wazazi wote wanakula, hata wewe."

"Nimekula, ndiyo maana niliamini habari za miiba. Sasa nimeshiba."

Alipita nyumba kwa nyumba, akawataka akina mama waitazame miguu ya watoto wao. Kila mguu ulikuwa na alama za meno.

Siku ya mashindano Tembo alikuta uwanja mtupu.

"Wakimbiaji wako wapi?"

"Wako kwa mama zao," alijibu Mama Paa. "Mwalimu mkuu anasema ushindi ni wa kocha. Basi akimbie yeye."

Mbweha hakumaliza hata nusu ya uwanja, akaketi ulimi nje. Tembo akageuka na magunia yake. Kiboko alipoona yanaondoka, alimtimua kocha mpaka ng'ambo ya mto, huku akipiga kelele kwamba shule yake haivumilii ukatili.

Mama Paa hakungoja kumsikiliza. Jioni alipakua mchicha mtupu, akawahesabu wanawe: wanne, pamoja na yule anayechechemea.

"Haya, kuleni."