Visanduku Vitupu

Tunu alipoingiza faili la vipimo vya bwawa kwenye programu ya kuchora grafu, programu ilimuuliza: visanduku vitupu viachwe wazi, au vijazwe namba ya mwisho iliyoandikwa?

"Jaza," alisema Bwana Mkwizu, mkuu wake, huku akifunga tai. "Mzee Ngoda akishikwa na homa haendi kupima maji. Hapa siku zote tunajaza."

Tunu akabonyeza. Mstari wa bluu ukanyooka hadi mwisho wa karatasi, umetulia kama kamba ya kuanikia nguo. Bwana Mkwizu akaichukua grafu, akaingia nayo mkutanoni chumba cha pili, walikomsubiri madiwani.

Tunu akampigia mzee simu kumpa pole.

"Homa gani, mwanangu? Mimi nipo hapa hapa bwawani tangu Jumamosi."

"Sasa mbona hukuandika vipimo, mzee?"

Upande wa pili ulisikika mvumo mzito, na haukuwa wa upepo.

"Ningeandika nini? Ule ubao wa namba wa kupimia kina umezama wote, hata ncha haionekani. Nilijua mkiona patupu mtakuja mbio."

Chumba cha pili watu walipiga makofi.

Tunu aligeukia dirisha, simu ingali sikioni. Kule bondeni akina mama walikuwa wakianika kanga juu ya mawe ya mto. Mmoja wao alisimama ghafla, akageuka kutazama juu lilipo bwawa, kama mtu aliyesikia anaitwa.