Ubao wa Kocha Orest

Mji mzima ulikusanyika kando ya barabara kuu, penye ghala la ngano, kuzindua ubao wa watu wake mashuhuri. Safari hii zamu ilikuwa ya Kocha Orest, aliyewafikisha vijana wa pale hadi ligi kuu ya hoki ya barafuni.

"Haya, mama mchoraji, funua kazi yako," Orest alimtania. "Au bado umeninunia?"

Watu wakacheka. Rangi nyekundu ilikuwa bado imemganda mchoraji kwenye kucha.

Mwanawe mchoraji, aliyekuwa mchezaji wa Orest, alipogonga kichwa kwenye barafu siku moja alitapika, akalia kwamba haoni vizuri. "Rudi mchezoni, acha kudeka!" Orest alimfokea. Mama mtu alikuwa pale pale jukwaani kwa watazamaji, akanyamaza. Mzazi gani angebishana na mtu mashuhuri? Sasa mtoto mkubwa vile analishwa kwa kijiko.

"Sijakununia, Kocha. Nimekuchora ulivyo."

Akavuta shuka lililofunika ubao.

Chini ya jina la Orest, mahali pa picha, kofia ngumu ya hoki ya mwanawe ilikuwa imepigiliwa misumari, imepasuka kutoka utosini hadi sikioni.



"Sogea karibu, Kocha," mama akasema. "Wapiga picha wanakungoja."