Kichaka cha Mshindi

Mashindano ya Wilaya ya Kwenda Polepole, Daraja la Wasio na Mbawa, yalifunguliwa asubuhi na Mwenyekiti Beberu. Wa mwisho kufika bila kusimama njiani ndiye mshindi, na zawadi ilikuwa kichaka pekee kilichobaki na majani kiangazi kile.

Kinyonga alikitaka kufa na kupona. Kipanga alikuwa amekwisha kuwala ndugu zake wote, na pasipo majani ya kujifichia, zamu iliyofuata ilikuwa yake.

"Kaka, jikaze kidogo, jua litakuchwea!" Konokono alimkejeli akimpita.

"Tangulia, bwana. Mimi sina haraka ya kushindwa."

Aliinua mguu, akauyumbisha, akafikiri, akauteremsha. Jioni alifika kwenye utepe, wa mwisho kabisa, moyo ukimdunda kwa furaha. Kamati ya mbuzi ilimshangilia huku ikicheua.

"Hongera sana, mshindi wetu!" alisema Beberu. "Kichaka chako tumekilinda kutwa nzima."

"Kiko wapi, mheshimiwa?"

"Ilitubidi tukague ubora wa zawadi, jani kwa jani. Nawe ulichelewa mno, bwana."

Akamvisha nishani, akamsimamisha juu ya kijiti kilichosalia ili wote wamwone.

Kipanga naye alimwona, akamla.