Mkono wa Klachi

Wiki ile chama cha mashindano ya pikipiki kilibadili kanuni: injini kubwa, kama ile aliyoiunda fundi Salha, hazingeruhusiwa tena msimu ujao. Salha alipoisoma barua ya chama alisema si kitu, ataunda nyingine na Kibwana ataiendesha, kama alivyomwendeshea kwa miaka saba. Uvumi kwamba Kibwana anahamia timu nyingine ulikuwa umezagaa mji mzima, lakini uvumi wa namna hiyo ulizuka kila mwaka na kupita.

Alasiri moja Kibwana alifika karakanani, akasimama mlangoni kama mgeni.

"Dada Salha, nimekuja kuomba ule mkono wa klachi."

Salha alikuwa ameukunja mwenyewe kwa moto, ufuate kidole cha Kibwana kilichovunjika katika mbio. Kidole hicho hakikufika kwenye mkono mwingine wowote wa klachi.

"Kumbe ni kweli," alisema.

"Wenzetu wana injini ya kanuni mpya tayari. Mimi sina umri wa kusubiri, dada."

"Ungeniambia mapema."

"Nilishindwa."

Salha akachukua spana, akaufungua mkono kutoka kwenye pikipiki, akaufuta mafuta taratibu, akamkabidhi. Kibwana alishukuru mara mbili, akaondoka.

Alipobaki peke yake, Salha aliipiga kiki injini. Ikawaka mara moja, ikanguruma hadi mabati yakatetemeka. Jirani, muuza vitumbua, akachungulia kwa furaha.

"Kibwana amerudi?"

 Salha aliongeza mafuta, injini ikanguruma zaidi.