Mzinga wa Shemeji

Mkulima wa matikiti alivaa koti la mvua na jua linawaka. Akaingiza mikono ndani ya soksi, akajifunika kichwa kwa kipande cha chandarua, suruali akaikaza kwa kamba juu ya mabuti. Mkewe pale mlangoni akashindwa kujizuia.

"Baba watoto, unakwenda kuoa au kuzikwa?"

"Cheka tu. Shemeji simwamini hata kidogo."

Shemeji huyo, mjane wa kaka yake, alikuwa mfuga nyuki, jirani yao. Msimu uliopita alimjia kwa upole. "Shemeji, maua yakiwa wazi usimwage dawa. Mwaga jioni, nyuki wakisharudi. Mizinga hii ndiyo kitu pekee alichoniachia kaka yako."

Mkulima akamjibu kwamba yeye halimi kwa saa za wadudu. Asubuhi yake shamba zima likawa jeupe kwa dawa ya unga.

Mjane alilia siku ile. Nyuki walionusurika akawahamishia ng'ambo ya kilima.

Msimu huu matikiti yalichanua vizuri, lakini maua yakawa yanapukutika bila kushika tunda. Mavuno yote yalikuwa yanakwenda na maji. Mkulima akafyata mkia, akaenda kuomba nyuki, na mjane hakumkatalia. Hilo ndilo lililomtia wasiwasi.

Mzinga aliuleta jana, kaubeba mwenyewe kichwani, mdomo umezibwa kwa tambara.

"Mbona kimya?" mkulima aliuliza akiwa mbali.

"Safari imewachosha."

"Ni wakali?"

"Hasira ninazo mimi, shemeji. Hao hawana." Akatabasamu. "Na shamba lako wanalijua. Fungua kesho, maua yakiwa wazi."

Hilo tabasamu ndilo lililomvisha soksi mikononi.

Alinyata hadi katikati ya shamba, akachomoa tambara, akatimua mbio. Akajitupa mtaroni kifudifudi, meno kayauma, akingoja kuchomwa.

Hakuna kilicholia. Jasho likamjaa mabutini. Mwishowe akainuka, akarudi hatua kwa hatua, akaugonga mzinga kwa fimbo. Akaugonga tena, kwa nguvu. Akapandisha chandarua, akauinamisha.

Nyuki wakamwagika juu ya mabuti yake, wakavu kama pumba, kila mmoja bado mweupe kwa dawa ya unga.