Chenga za Kakao

Bwana Mkude, mwenye duka kubwa la mjini, aliyekuja kuonja kabla ya kuagiza, alivunja kipande cha chokoleti ya maziwa, akakinusa, akakitia mdomoni. Siwema, aliyeitengeneza, aliyakazia macho mataya yake.

Asubuhi ile chupa ilimponyoka, ikavunjika kando ya sinia la chenga za kakao. Alizichekecha tena na tena, kisha akaviunganisha vipande vya chupa mezani. Pakabaki pengo dogo kama punje ya mchele. Akajiambia kile kipande kimerukia uvunguni, akazitia chenga kwenye chokoleti.

Sasa kila mlio wa meno ya Bwana Mkude ulimchoma kifuani.

“Maziwa yamekolea, utamu haujazidi. Na hizi chenga zinavyokatika menoni! Hapa umeniweza, dada.”

“Ahsante.” Angesema nini, na mtu ameshameza?

Bwana Mkude akatafuna kipande kingine. Ghafla akaacha. Akapitisha ulimi taratibu kwenye fizi. Kisha mzee akameza, akacheka, akamsogezea kilichobaki.

“Mbona wewe huli? Onja kazi ya mikono yako.”

Siwema alikiinua kwenye mwanga wa dirisha. Katikati ya chenga nyeusi kitu kilimeta, labda sukari.

Akafumba macho, akauma.